Nani anahesabu saa za mhadhiri wa mtandaoni?

Fungua mfumo wa kufundishia mtandaoni wa chuo kikuu cha umma, Tanzania au Kenya, uingie kwenye kozi yoyote. Mara nyingi utakuta muhtasari wa kozi, slaidi kadhaa zilizogeuzwa PDF, tangazo la jaribio la kwanza, na jukwaa la majadiliano ambalo halijaandikwa neno tangu muhula uanze. Mfumo upo, seva ipo, na fedha zimetumika. Kwa Tanzania, mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, ambao mwaka 2021 Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 425, umejenga kumbi na maabara na pia ulitengewa fungu la miundombinu ya kidijitali. Kwa Kenya, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake Agosti 2023, makao yake yakiwa kwenye mji wa teknolojia wa Konza, na swali la kwa nini vyuo vikongwe vinasuasua limepata nguvu mpya. Kila linapoulizwa, jibu linalokuja haraka kwenye vikao na kwenye tasnifu za uzamili ni moja: wahadhiri wana mtazamo hasi. Tiba yake nayo inajulikana kabla mgonjwa hajapimwa. Waitwe kwenye semina, wafundishwe kubofya, wapewe vyeti, warudi wakiwa wamebadilika.

Naona tafsiri hiyo imekosea, na imekosea kwa namna inayogharimu. Kusita kwa wahadhiri wengi hakutokani na woga wa kompyuta wala na uvivu wa kujifunza. Kunatokana na hesabu waliyoipiga vizuri kuhusu kazi yao: kazi mpya imeongezwa, ni kubwa, haimo kwenye mzigo wao wa kazi unaotambuliwa, haiwapandishi cheo, na matunda yake yakishatoka mikononi mwao hawajui yatatumikaje. Mtu akishaliona hilo, mtazamo wake hasi ni taarifa kuhusu mwajiri. Ukiuchukulia kama ugonjwa wa mhadhiri, utaendelea kumtibu asiyeumwa.

Tukumbuke kwanza kwamba kufundisha mtu aliye mbali si jambo geni kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na masomo kwa njia ya posta tangu miaka ya 1960. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha miaka michache tu baadaye, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, wakati ambapo barua pepe yenyewe ilikuwa anasa. Walimu, wauguzi, askari na makarani wa halmashauri walipata shahada wakiwa vituoni mwao, kwa moduli zilizochapwa na vikao vichache vya ana kwa ana katika vituo vya mikoa. Mwaka 1997 ukaja mradi wa Benki ya Dunia wa Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao, uliorusha mihadhara kwa setilaiti na baadaye kuhamishia makao yake Nairobi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kilianza majaribio ya mifumo ya kufundishia mtandaoni muda mrefu kabla ya wanafunzi wa sasa kuanza darasa la kwanza. Kwa hiyo hadithi ya kwamba teknolojia imefika jana na wahadhiri wameshtuka haina mashiko. Wameiona ikija, ikipewa majina mapya, ikizinduliwa, na mara nyingi ikizimika pale mfadhili alipoondoka. Kumbukumbu hiyo ni sehemu ya mtazamo wao, na dodoso la watafiti haliiulizi.

Kisha ikaja 2020. Hapa Tanzania na Kenya zilipita njia mbili tofauti. Tanzania ilifunga vyuo Machi 18 na kuvifungua Juni 1. Vyuo vingi vya umma vilisubiri tu, kisha vikafidia muda uliopotea kwa kubana ratiba. Kenya ilikaa imefungwa muda mrefu zaidi, na vyuo vyake vililazimika kuhamia mtandaoni ndani ya wiki chache. Mtandao wa elimu wa KENET ulihangaika na kampuni za simu kutafuta bando za bei nafuu kwa wanafunzi, na wahadhiri walijikuta wakifundisha kutoka sebuleni kwa kutumia simu na kompyuta zao wenyewe. Mwezi Machi mwaka huohuo, Charles Hodges na wenzake huko Marekani waliweka mpaka muhimu kati ya ufundishaji wa dharura kwa mbali na ufundishaji wa mtandaoni uliopangwa. Wa dharura ni kuhamisha ukumbi kwenda kwenye skrini kwa sababu ukumbi umefungwa. Uliopangwa unachukua miezi ya kubuni kabla ya siku ya kwanza ya somo. Mpaka huo haukuingia vizuri vichwani mwa watunga sera wetu. Mhadhiri wa Kenya anayesema leo kwamba mtandaoni hakufai, mara nyingi anazungumzia dharura ya 2020. Mwenzake wa Tanzania anayesema hivyohivyo huenda hajawahi kufanya hata ile ya dharura. Ukiwaweka kwenye jedwali moja la asilimia, umechanganya uzoefu mbaya na kukosa uzoefu, na hakuna sera inayoweza kutoka hapo.

Niseme kidogo kuhusu dodoso lenyewe, maana nimelijaza na nimesoma tasnifu nyingi zinazolitumia. Tafiti nyingi za eneo letu juu ya jambo hili zimejengwa juu ya nadharia ya Fred Davis ya mwaka 1989 kuhusu watu kuikubali teknolojia. Kiini chake ni kwamba mtu ataitumia teknolojia akiamini inamfaa kazini na akiamini ni rahisi kuitumia. Nadharia hiyo ina heshima yake. Lakini Davis alikuwa akiangalia wafanyakazi na programu za kompyuta za ofisini, ambapo kazi ilikuwa palepale na kilichobadilika ni chombo cha kuifanyia. Kwa mhadhiri, kinachobadilika ni kazi yenyewe. Unapomwuliza kwa kipimo cha moja hadi tano kama mfumo ni rahisi kuutumia, atajibu nne, kwa sababu kweli ni rahisi. Ukimwuliza kama unaweza kuboresha ujifunzaji, atajibu nne tena. Halafu hautumii. Mtafiti anaandika kwamba kuna pengo kati ya mtazamo na utendaji, anapendekeza mafunzo zaidi, na tasnifu inapita. Swali ambalo lingefumbua fumbo, yaani kazi hii itakuchukua saa ngapi na nani atazihesabu, halimo.

Saa hizo zikoje? Ninaye mwenzangu anayefundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Muhula mmoja aliamua kurekodi mada ya usambaaji wa data, kwa sababu kila mwaka wanafunzi huikosa mtihanini. Alirekodi usiku, watoto wakiwa wamelala, feni imezimwa kwa sababu maikrofoni ya simu inanasa kila mvumo, na Dar es Salaam ya Februari si mahali pa kuzima feni. Alipofika katikati akagundua mfano wake wa tatu una kosa la hesabu. Ukumbini angefuta ubaoni na kuendelea, lakini kwenye rekodi ilibidi aanze upya. Video ya dakika ishirini ikawa nzito kupita uwezo wa mfumo, akaipunguza ubora, maandishi yakafifia, akairekodi tena kwa herufi kubwa zaidi. Akaipandisha kwa bando lake. Kesho yake asubuhi kiongozi wa darasa akamwandikia WhatsApp, kwa adabu zote: "Madam, wenzangu wanaomba PDF, video inakula MB."

Ujumbe ule una habari nyingi kuliko ripoti ndefu. Kijana yule alikuwa na haki. Wengi wa wanafunzi wetu wanasoma kwa simu, wanaishi kwa kusubiri boom, yaani fedha za kujikimu, kutoka Bodi ya Mikopo, na wakilinganisha bei ya bando na bei ya chakula cha mchana hawana haja ya kufikiri mara mbili. Ukiendesha kipindi cha moja kwa moja unaona orodha ya waliohudhuria: nusu yao hawana majina ya watu, wana majina ya simu, TECNO Spark, Infinix Hot, kamera zimezimwa wote, na wengine wanatoka na kurudi kila mtandao unapoyumba. Ukiuliza swali, kimya. Hujui kama hawajaelewa, hawapo, au wapo kwenye daladala. Mhadhiri aliyezoea kusoma nyuso, anayejua kwamba wakikunja nyuso kwa pamoja arudie mfano, anajikuta anazungumza na ukuta. Akisema hapendi hali hiyo, anatoa tathmini ya kitaaluma ya mazingira ya kujifunzia. Huyo si mtu wa kupelekwa semina.

Rudi sasa kwenye hesabu. Mfumo wetu wa elimu ya juu una uangalifu mkubwa kuhusu saa za mwanafunzi. Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, mwaka mmoja ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Ndani ya saa hizo zimo za mhadhara, semina, kujisomea na kazi za darasani. Lakini mzigo wa kazi wa mhadhiri unapohesabiwa, msingi wake ni saa zilizomo kwenye ratiba, saa za kusimama mbele ya watu. Ukumbini mfumo huu unaenda, kwa sababu maandalizi ya mhadhara wa saa mbili yanajulikana na mwaka unaofuata yanapungua. Mtandaoni uwiano unageuka. Kazi kubwa iko kabla ya somo, kwenye kubuni, kuandika, kurekodi, kutunga maswali ya kujipima. Na nyingine iko baada ya somo, kwenye kujibu maswali ya mmojammoja saa nne usiku. Saa ya kusimama mbele ya watu inakaribia kutoweka, na ndiyo pekee iliyokuwa inahesabiwa. Mtu anayehamisha kozi yake mtandaoni kwa uaminifu anaongeza kazi halisi huku kwenye karatasi akionekana ana nafasi ya kupewa kozi nyingine. Nimeona ikitokea, na aliyetendewa hivyo hakurudia.

Kwenye vyeo ni vilevile. Kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa, mizani inaelemea kwenye machapisho yaliyopitiwa na wataalamu. Kufundisha kunatajwa, kunapimwa kidogo kwa fomu za wanafunzi, lakini hakuna mtu anayenyimwa cheo kwa sababu kozi yake ya mtandaoni ni mbovu, wala anayepewa kwa sababu ni nzuri. Kijana mwenye shahada mpya ya uzamivu, ambaye ndiye tunayemtegemea kwa sababu amekulia kwenye mitandao, ana miaka michache ya kujenga wasifu wake. Miezi sita ya kubuni kozi bora ingempa labda pongezi kwenye kikao cha idara. Miezi hiyohiyo kwenye makala mbili inampa hatua kuelekea uhadhiri mwandamizi. Hapo ndipo ile dhana kwamba wapingaji ni wazee wenye kuogopa mashine inapoanguka. Wazee hao wanatuma makala kwenye majarida ya kimataifa kupitia mifumo migumu kuliko Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni, wanapima wizi wa kitaaluma kwa programu, wanasimamia wanafunzi wa uzamivu kwa Zoom kutoka hotelini. Wanatumia teknolojia kila siku pale ambapo inawafikisha mahali. Na vijana wanaikwepa pale ambapo haiwafikishi popote. Umri hauelezi chochote hapa.

Suala la nani anamiliki kilichorekodiwa linazungumzwa kwa sauti ya chini sana kwetu, na ningependa lizungumzwe kwa sauti kubwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki za kiuchumi za kazi iliyotengenezwa na mwajiriwa katika ajira yake ni za mwajiri, isipokuwa mkataba ukisema vingine. Sheria ya Kenya ya 2001 inaelekea hukohuko. Kwa mhadhara wa ukumbini hili halikuwa na uzito, maana mhadhara uliisha mlango ulipofungwa. Rekodi haiishi. Mwanzoni mwa 2021, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, alitaka kumwandikia barua pepe profesa wa kozi ya historia ya sanaa aliyokuwa akiifurahia mtandaoni. Alipomtafuta akakuta kwamba profesa huyo, François-Marc Gagnon, alifariki mwaka 2019. Chuo kiliendelea kutumia video zake, huku wengine wakisimamia kozi na kusahihisha kazi. Miaka minane kabla, mwaka 2013, walimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San José, California, walikataa kutumia kozi ya mtandaoni ya Michael Sandel wa Harvard na wakamwandikia barua ya wazi wakieleza kwa nini: waliona njia inafunguliwa ya kuzipa idara maskini video za maprofesa maarufu na kuwaacha walimu wa pale wakiwa wasaidizi wa kuwasha mashine. Walimu hao waliishi karibu kabisa na makao ya kampuni kubwa za teknolojia duniani. Hakuna aliyeweza kusema walikuwa wageni wa kompyuta.

Kwa Kenya swali hili lina kidonda kingine juu yake. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, na kiini cha mgogoro kilikuwa shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya kipindi cha 2017 hadi 2021. Fikiria mtu anayedai malimbikizo ya miaka hiyo yote anaombwa akabidhi somo lake lote likiwa kwenye video, kwa mwajiri huyohuyo, bila waraka unaosema rekodi itatumika kwa muda gani, na kama inaweza kuendelea kuchezwa darasani siku yeye akiwa kwenye mgomo. Wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kozi na kwa kuchelewa, wana sababu kubwa zaidi ya kuhofu: kwa nini waitwe tena mwaka ujao ikiwa sauti yao tayari imo kwenye seva? Naamini wakuu wengi wa vyuo hawana nia hiyo. Lakini nia njema isiyoandikwa haimlindi mtu uongozi ukibadilika.

Upande wa wanaotaka tuharakishe una hoja nzito, na haitakuwa haki kuzipita. Idadi ya wanafunzi imekua kuliko kumbi. Kozi za pamoja za mwaka wa kwanza, Stadi za Mawasiliano na Taaluma za Maendeleo, zinajaza kumbi kubwa hadi watu wanasimama madirishani. Mama anayefanya kazi benki Mtwara, muuguzi wa Kigoma, mwalimu wa Pemba, hawawezi kuacha kazi miaka mitatu kwenda kukaa hosteli. Kwao mtandao ndio mlango pekee uliobaki wazi, na anayeufunga kwa jina la ubora anafunga kwa watu halisi. Mwaka 2022 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ilitoa mwongozo wa kozi za mtandaoni na za mseto, jambo la busara, kwa sababu bila kanuni kila chuo kingejifanyia kivyake. Hoja hizi nazikubali zote. Nisiyoikubali ni ile inayofuatana nazo, kwamba mtandaoni ni nafuu. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopata hati yake 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1971, hakikumwachia mhadhiri mmoja simu yake na usiku wake. Kila kozi ilikuwa na timu: wasomi kadhaa, wahariri, wabunifu, watayarishaji wa vipindi kutoka BBC, na wakufunzi wa kukutana na wanafunzi katika maeneo yao. Unafuu ulikuja baadaye, kozi moja ilipotumiwa na maelfu kwa miaka mingi. Sisi tunataka unafuu wa mwisho bila gharama ya mwanzo, na gharama hiyo tunaihamishia kwenye mfuko na usingizi wa mhadhiri.

Lakini hata wahadhiri wenyewe wana hoja dhaifu, na ile inayorudiwa zaidi ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba elimu ya kweli ni ya ana kwa ana, na kila kilicho mtandaoni ni elimu ya daraja la pili. Ana kwa ana gani? Kwenye ukumbi wa wanafunzi mia saba wenye kipaza sauti kinachokatika, mwanafunzi wa safu ya nyuma amekuja na jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio na hakuna zaidi. Hajawahi kumwuliza mhadhiri swali na mhadhiri hajui kama yupo. Masomo yake halisi anayafanya jioni kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kujisomea, na wenzake, kwa desa, yaani muhtasari wa somo, lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Umbali kati yake na mwalimu tayari ni mkubwa. Mtandao uliopangwa vizuri ungeweza kuupunguza. Hoja ya ana kwa ana ina nguvu kamili kwa mwalimu wa anatomia pale Muhimbili, kwa anayewapeleka wanafunzi wa Sokoine shambani Morogoro, kwa semina ya watu kumi na tano wanaobishana. Anayesoma slaidi mbele ya umati hawezi kuiazima. Na lazima tuseme pia lile ambalo halisemwi kwenye vikao vya chama cha wahadhiri: wapo wachache wanaoupinga mfumo kwa sababu mfumo unaweka kumbukumbu. Unaonyesha nani amepandisha nini na lini, nani amejibu maswali, nani ametokea mara nne tu kwa muhula mzima. Hao wamejificha nyuma ya malalamiko ya haki ya wenzao. Njia ya kuwatenganisha ni kuyajibu malalamiko ya haki, ili ya wao yabaki peke yake yaonekane.

Ipo hoja moja ya wahadhiri ambayo naona inazidi kupata nguvu kila muhula, nayo ni ya upimaji. Tangu mwishoni mwa 2022, ChatGPT ilipotoka, insha ya nyumbani imepoteza sehemu kubwa ya maana yake. Jaribio la mtandaoni la dakika arobaini, lililoonekana suluhisho la kozi za watu wengi, sasa linajibiwa na akili unde kwenye simu ya pili iliyo mezani. Mhadhiri akitia saini alama hizo anaapa kwa jina lake kwamba mwanafunzi anajua, wakati hana uhakika. Hapa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina somo la kutufundisha: kwa muda mrefu mwanafunzi wake amejifunza akiwa mbali lakini mtihani akaufanya kituoni, mbele ya msimamizi, na kitambulisho mkononi. Kujifunza na kupimwa vinaweza kwenda kwa njia mbili tofauti, na wahadhiri wengi ninaowafahamu wangekuwa tayari kujaribu lile la kwanza mtandaoni kama wangehakikishiwa kwamba la pili litabaki chumbani. Bado hatujawahakikishia.

Na mitambo yenyewe inaweza kukatika bila mtu yeyote chuoni kukosea. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kusini mwa pwani yetu na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko kwa siku kadhaa. Uganda ilizima mtandao wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania, Oktoba 2025. Kozi ambayo jaribio lake lilipangwa siku hizo inafanyaje? Kwenye vyuo vingi jibu linaachiwa mhadhiri na kiongozi wa darasa wakubaliane, na mwanafunzi aliyekosa anabaki kubeba barua yake kutoka ofisi moja hadi nyingine akiomba asipewe sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa kosa lisilo lake. Kanuni inayosema nini kitatokea mtandao ukizimwa ni aya mbili tu za kuandikwa na Seneti. Mhadhiri anayeuliza aya hizo ziko wapi anafanya kazi ambayo wengine walipaswa kuifanya.

Kama ninayoyasema ni kweli, basi fedha za semina zinaweza kwenda kwingine. Chuo kikiamua kwamba mhadhiri anayebuni kozi ya mtandaoni anapunguziwa kozi moja kwa muhula huo, na kwamba kozi hiyo ikishapitiwa na wataalamu wawili wa nje inahesabiwa kama chapisho kwenye kupanda cheo, nitashangaa kama mtazamo hautabadilika ndani ya miaka miwili, bila mtu kupewa cheti cha kubofya. Mkataba wa ukurasa mmoja unaweza kusema rekodi ni ya chuo kwa kipindi maalumu, labda miaka mitatu, kwamba jina la mwandishi litabaki, kwamba rekodi haitatumika wakati wa mgomo wala baada ya mhadhiri kuondoka bila ridhaa yake. Kozi za kuanzia ziwe zile kubwa za mwaka wa kwanza, ambako hatuna cha kupoteza kwa kuhama kutoka ukumbi uliofurika, na muda wa wahadhiri utakaookolewa urudishwe kwenye semina ndogo, ambazo kwenye vyuo vyetu zimekuwa zikifa kimyakimya na kuachiwa wasaidizi. Vifaa vitengenezwe kwa kuanzia na simu ya bei nafuu: sauti fupi, maandishi mepesi, video pale tu ambapo picha inafundisha kitu ambacho maneno hayawezi. Mwenzangu wa takwimu tayari anafanya hivyo. Anatuma sauti za dakika nne pamoja na ukurasa mmoja wa mifano, kwenye kundi la WhatsApp, na wanafunzi wanasikiliza wakiwa kwenye daladala. Kwenye ripoti ya chuo kozi yake inasomeka haitumii mfumo.

Na mtafiti wa uzamili anayeandaa dodoso lake jipya juu ya mitazamo ya wahadhiri, namwomba aongeze maswali matatu mwishoni mwa lile la zamani. Kozi uliyoipandisha mtandaoni ilikuchukua saa ngapi? Zilihesabiwa wapi? Na uliponunua bando la kuipandisha, nani alikurudishia fedha?